Barafu ya Mama Wanja

Siku mliyoniaga pale karakana ya Makutano mlinipa keki na blanketi, halafu mkasema nitoe hotuba. Nikasema asanteni, nikakaa. Mlicheka kwa sababu mnanijua, na mnajua kinywa changu hunyamaza tu kikiwa na keki. Lakini kuna mambo nilitaka kuwaambia, na kwa kuwa sasa ninashinda nyumbani nikichunga kuku, nimeyaandika. Mtayasoma mkingoja mabomba yapoe.

Kama mlitarajia habari za cheo, mniwie radhi. Fundi wa mabomba hapandi cheo, hupanda dari.

Kazi niliipata kwa bahati. Koki ya nyumbani ilikuwa imekufa na mama akanituma Makutano kununua nyingine. Nikaingia karakana ya kwanza niliyoiona, nikamkuta mwanamume mfupi, mwembamba, anakata nyuzi, ile mizunguko ya kukazia, kwenye ncha ya bomba la chuma. Alizungusha kile chuma taratibu, akamwagia mafuta, akarudisha nyuma kidogo, akaendelea. Vipande vilianguka vimejikunja, vinang'aa. Nilisimama pale mpaka nikasahau nilichotumwa.

"Wewe unataka koki ama unataka kazi?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

Nikamwambia nataka vyote viwili. Mama alipata koki yake jioni ile, na mimi nikarudi kesho yake. Mama alikuwa anataka nijifunze kushona nguo, kwa hiyo alininunia muda mrefu, mpaka siku bomba la kanisani lilipopasuka katikati ya harusi ya jirani na mimi nikalifunga nikiwa na gauni langu la harusini. Tangu hapo akawa ananitangaza sokoni kama ndizi zake.

Mwanamume yule aliitwa Nyaga, lakini sote tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Kwao ni Kiambere, huko chini Mbeere, ambako enzi za ujana wake maji yalitoka mto Tana mgongoni mwa punda. Alipopanda kuja Meru kutafuta kazi, alikuta maji yanashuka yenyewe kutoka msituni, yana nguvu, na watu hata hawayaangalii. Alituambia mara nyingi jinsi siku zake za kwanza bomba la mradi wa maji lilivyopasuka mbele yake, maji yakaruka juu kuliko migomba, watoto wakacheza chini yake na watu wazima wakacheka. Yeye alisimama kando akitaka kulia.

Toka siku hiyo aliogopa presha ya maji kama wengine wanavyoogopa nyoka. "Maji ya Meru haina adabu," alikuwa akisema. "Lazima uifunze adabu kabla haijaingia kwa nyumba ya mtu." Adabu yenyewe ilikuwa kifaa cha shaba, ukubwa wa ngumi, chenye springi ndani. Sisi tulikiita kipunguza. Maji makali yakiingia upande huu, springi na kiziba chake huyazuia, yanatoka upande ule yametulia. Kipunguza kizima huimba maji yakipita, sauti nyembamba, na Mwalimu alinifundisha kuisikiliza kwa kuweka ncha ya spana kwenye bomba na mpini wake sikioni. Mtu akitupita alidhani tunapiga simu kwa bomba.

Alinifundisha kufunga nyuzi kwa katani na rangi, kabla ya hizi tepu zenu nyeupe. Alinifundisha kutomwaga maji hata tone, na kama ni lazima kuyamwaga, kuyamwagia mti. Alitafuna muguka, ile miraa ya majani ya kwao Mbeere, siku nzima, majani yake yakiwa kwenye mfuko wa shati, na sisi Wameru wa karakana tulimcheka kwamba anakula chakula cha mbuzi. Yeye alisema miraa yetu ni kuni. Ugomvi huo haukuisha mpaka alipostaafu, na ninaukosa.

Nyumba nyingi tulizoingia, mwenye nyumba aliniangalia mimi na begi langu, akamwuliza yeye, "Sasa fundi mwenyewe anakuja saa ngapi?" Mwalimu alikuwa anageuza ndoo, anaikalia, anachomoa muguka wake. "Fundi ameshafika. Mimi nimembebea spana." Halafu hainuki mpaka nimalize. Mambo hayo aliyafanya wakati ambapo hakuna mtu aliyemwomba, na sidhani niliwahi kumshukuru.

Kisha zikaja friji za kuunganishwa na maji. Mnazijua, zile ndefu za milango miwili, zenye kinywa mlangoni. Unasukuma gilasi, maji baridi yanatoka. Unabonyeza, barafu inaanguka. Kazi yenyewe si kubwa, lakini naona vijana wengine mnaiharakisha, kwa hiyo vumilieni. Tafuteni bomba la maji baridi lililo karibu, kwa kawaida chini ya sinki, muweke tii, kile kiungo cha njia tatu, na koki yake, ili friji ikisumbua ifungwe peke yake bila kuinyima nyumba nzima maji. Kile kibano cha kutoboa bomba kwa sindano kiacheni dukani, huziba kwa mchanga mvua za kwanza zikija. Mpira mwembamba unaokwenda nyuma ya friji ukatwe kwa wembe, ncha iwe sawasawa, msiukate kwa koleo. Uachwe mrefu, ujikunje nyuma huko, kwa sababu mama wa nyumba ataivuta friji siku moja afagie. Kabla ya kuunganisha, fungulieni maji kwenye ndoo mpaka yawe safi. Na barafu ya kwanza mmwage, ina ladha ya plastiki na ya filta mpya.

Huku juu kwetu hatukuunganisha friji hata moja bila kipunguza. Mkulima mmoja wa majani chai, karibu na msitu, aliyeunganishiwa na watu wengine, alituita akilalamika kwamba kila mvua ikinyesha jikoni kunafurika. Alikuwa ameshabadilisha mabati mara mbili. Mwalimu aliangalia dari kavu, akaangalia friji, akauliza kama jirani zake wananyunyizia mashamba kwa maji ya mradi. Wote, akasema. Basi ndiyo hiyo. Mvua ikianza, kila mtu anakimbia kufunga mipira yake ya shamba, maji yote ya mlima yanakosa pa kwenda, yanamtembelea yule aliye na friji. Tulimwekea kipunguza. Mabati mapya yalibaki, na yalikuwa mazuri.

Kangeta kulikuwa na mfanyabiashara wa miraa aliyeiweka friji yake sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Nikamwuliza bomba liko wapi. Akanionyesha mitungi ya maji iliyopangwa ukutani.

"Hii ni mashine ya kisasa," akasema. "Kwani haiwezi kuvuta yenyewe?"

Mwalimu aliitazama friji, akaitazama mitungi, akanitazama mimi. "Kagendo, mweleze," akasema, akatoka nje kutafuna. Nilimweleza yule mzee kila kitu, naye akanisikiliza kwa heshima, kisha akaniomba basi nimwashie taa tu. Nilipopita pale baadaye friji ilikuwa imejaa miraa. Aliniambia inakaa mbichi kuliko kwenye majani ya migomba.

Mikono ya Mwalimu ilianza kutetemeka, kisha macho yakaingia ukungu. Alituachia karakana, akachukua sanduku lake la vifaa, akarudi Kiambere kwa mkewe, Mama Wanja, ambaye miaka yote hiyo alikuwa ameshikilia shamba la ndengu na mawele. Kazi yake ya mwisho kwa mikono yake mwenyewe ilikuwa kumletea mke wake maji. Aliweka tangi juu ya mwamba nyuma ya nyumba, juu kadiri alivyoweza kulipandisha, akaliingizia maji ya mradi yaliyokuwa yamefika kijijini, akashusha bomba mpaka jikoni. Punda wa Mama Wanja akastaafu pamoja naye.

Miaka michache baadaye binti yao, Wanja, akanipigia simu. Yeye ni muuguzi ng'ambo, na tangu akiwa mdogo ananiita tata, yaani shangazi. Sauti yake haikuwa sawa.

"Tata Kagendo, figo za mama zimekataa. Anaenda Embu kusafishwa damu kwa mashine. Na daktari amempimia maji. Kikombe kimoja kwa siku nzima, na chai iko ndani, na uji uko ndani."

Nikamwambia pole.

"Shida si mashine. Shida ni kiu. Baba anasema usiku anamsikia akilamba midomo. Huku kazini wagonjwa kama yeye tunawapa barafu wanyonye, kipande kidogo tu. Kinakaa mdomoni muda mrefu kuliko maji. Nimenunua friji ya kutoa barafu, lori linaileta wiki hii. Tata, sitaki fundi mwingine aiguse."

Nilishuka Kiambere. Kama hamjafika huko, ni joto la aina nyingine, joto linalokukalia begani. Mama Wanja alinipokea mlangoni, mwili umepungua, midomo imepasuka. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili kama zamani. Kisha akanionyesha bomba la jikoni.

"Umeona hii maji, Kagendo? Nilibeba maji tangu nikiwa msichana mpaka mgongo ukakataa. Sasa imeingia mpaka kwa nyumba, nimeambiwa nisikunywe." Alicheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka.

Mwalimu alikuwa ameweka kigoda chake mlangoni mwa jikoni, tayari kunisimamia. Nilianza kazi. Tii chini ya sinki, koki, mpira mwembamba, maji kwenye ndoo mpaka yawe safi. Maji ya ndoo nikayamwagia mpapai, nikasikia amekohoa kwa kuridhika. Kisha akafungua sanduku lake, akapapasa, akatoa kipunguza chake cha zamani, shaba yake imekuwa nyeusi.

"Weka hii kabla ya friji."

Nilitazama nje, kule tangi lilipo juu ya mwamba. Mtu yeyote wa kazi angejua. Maji yale yalikuwa na nguvu ya kutosha kufungua valvu ya friji, lakini kwa shida, hakukuwa na ya ziada. Kuweka kipunguza pale, tena kilichokauka hivyo, ni kumvalisha mtu koti la Meru akalime Kiambere.

"Mwalimu," nikasema polepole, "huku presha ni kidogo."

"Nani alikufundisha hii kazi?"

"Ni wewe, Mwalimu."

"Basi weka."

Wenzangu, nataka mwelewe hapo nilipokuwa. Yule ni mtu aliyekalia ndoo mbele za watu ili mimi niitwe fundi. Sasa mikono haimtii, macho hayamtii, na kitu kilichobaki mkononi mwake ni ile shaba. Nyumbani kwake, mbele ya mke wake, ningemwambia amesahau? Nikakiweka. Nikakifunga vizuri kwa katani na rangi, vile anavyopenda, nikafungulia.

Friji ilinguruma. Nikasukuma gilasi kwenye kile kinywa cha mlangoni, maji yakaja kama uzi, yakakatika. Kisanduku cha barafu kilipiga mlio wa kuomba maji, kikanyamaza kikavu. Mama Wanja alikuwa amesimama nyuma yangu na kisahani chake mkononi.

"Itachukua muda kidogo," nikasema.

"Hizo mashine ni za pole pole," Mwalimu akaunga mkono.

Tulikula ndengu na chapati. Mama Wanja alikula kidogo na hakugusa kikombe. Baada ya kula Mwalimu alikwenda kujinyoosha, ilivyo kawaida ya watu wa huko jua likiwa utosini. Nikangoja nisikie amelala, nikafunga maji, nikafungua kifuniko cha kipunguza. Niliacha mpira wa kuzuia kuvuja. Springi na kiziba nikavitoa, nikarudisha kifuniko, nikapangusa shaba ikabaki vilevile ukutani, tumbo lake tupu.

Nilipogeuka, Mama Wanja alikuwa mlangoni. Alikuwa ameona kila kitu, na mtu aliyeolewa na fundi maisha yake yote anajua springi ni nini. Alinyoosha mkono, nikaiweka ile springi kiganjani mwake, akaifunga kwenye pindo la leso yake, akaipiga fundo.

Nikafungulia tena. Safari hii kisanduku kilipolia, tulisikia maji yakiingia ndani yake.

Niliwaambia lazima barafu ya kwanza imwagwe. Asubuhi nikaivuta droo, nikakuta vipande vya kwanza, nikavimimina kwenye beseni nivitoe nje. Mama Wanja akanishika kiwiko.

"Unamwaga barafu na mimi niko na kiu?"

"Ina ladha mbaya, Mama. Ya filta."

"Nitajua mwenyewe kama ni mbaya."

Akachukua kipande kimoja, kidogo kuliko vyote, akakiweka mdomoni. Akafumba macho. Alikaa pale kwenye kigoda cha mumewe, mikono mapajani, na sikuwahi kumwona mtu akinyamaza kwa furaha namna ile. Nililia bila kuona aibu, beseni bado liko mkononi.

Mwalimu aliamka, akaja akipapasa ukuta. Akaomba spana. Akaweka ncha yake kwenye shaba na mpini sikioni, akaniambia nisukume gilasi. Maji yakatoka. Alisikiliza kwa muda, uso wake umetulia.

"Unaona sasa?" akasema. "Hiyo kitu ni ya maana."

"Ni kweli, Mwalimu."

Mama Wanja aligeukia dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko na barafu bado ipo mdomoni.

Aliishi na barafu yake mpaka ndengu zilipovunwa, zikapandwa na kuvunwa tena. Alikuwa akinipigia simu, anaweka simu karibu na friji ili nisikie vipande vikianguka, kisha anakata bila kusema neno. Nilikuwa juu ya ngazi mahali, au chini ya sinki la mtu, na nilicheka peke yangu. Halafu siku moja simu ilikuwa ya Wanja.

Tulimzika Mama karibu na shamba lake. Watu walipoanza kutawanyika, Mwalimu akanishika mkono tukaingia jikoni, mimi na yeye tu. Akakaa kwenye kigoda. Akatoa kitu mfukoni mwa koti, akakiweka kiganjani mwangu. Nilikijua kabla sijakitazama, ile springi.

"Alinipatia hii wiki yake ya mwisho," akasema. "Akaniambia, Baba Wanja, kuna siri nimekuficha. Yule msichana alikuheshimu wewe, na mimi akanipatia maji. Usimgombeze."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nikusamehe nini? Mimi nilijifanya nimeshangaa, asije akaona siri yake haina kazi." Akagusa sikio lake. "Macho ndiyo iliharibika. Kipunguza kizima inaimba. Siku ile nilisikiliza, ilikuwa kimya kabisa. Nikajua ni kopo tu umewacha kwa ukuta."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Maji ilikuwa inatoka. Na mama ya Wanja alikuwa anacheka, alidhani simsikii." Akapangusa macho kwa kiganja. "Miaka yote hiyo niko Meru nikifunza maji ya watu adabu, yeye alikuwa huku na punda. Nikaja kumletea ya kwake, ikaja imechelewa. Ni wewe uliifikisha mdomoni."

Nilimshika mkono, tukakaa. Nje walikuwa wanakusanya viti. Friji ikapiga mlio wake, vipande vikaanguka kwenye droo, ambapo hapakuwa na mtu wa kuvichukua, na kisanduku kikajaa maji tena. Wote wawili tulisikia.

Kisha akaligeuza kopo la rangi lililokuwa pale chini ya sinki, akalisukuma kwangu kwa mguu nilikalie, na akaninyooshea spana.

"Kuna kitu moja bado inanisumbua," akasema. "Ile kiziba ya ndani, na hiyo kipunguza imekauka hivyo. Ulitoa namna gani bila kupasua mpira? Mimi sikuwahi kuweza."

Nikafunga maji, nikakifungua kile kifuniko cha kipunguza mbele yake, nikauongoza mkono wake mpaka ndani, nikamfundisha.